Mayai Yaliyooshwa kwa Sabuni

Bi Madoa alikuwa amechoka kupumzika. Hakumwambia mtu, maana angesema tu, angeambiwa apumzike zaidi.

Alifua shuka za hospitali tangu ujana wake mpaka magoti yalipogoma, na jina hilo la Bi Madoa alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia kwa sababu hakuna doa lililowahi kumshinda. Damu, dawa ya vidonda, chai ya muuguzi aliyesinzia zamuni, vyote alivitoa. Alipostaafu, mwanawe wa pekee, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuja na lori tupu akapakia kitanda, kabati na masufuria ya mama yake, akamhamishia kwake. Kisha akamwita mkewe pembeni, akamwambia mama asiguse kitu katika nyumba hii, amefanya kazi ya kutosha. Halafu yeye mwenyewe akapanda lori akaenda zake, kama wafanyavyo watu wanaotoa amri nzuri.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Chumba cha mbele kilichotazama barabara ndicho kilichokuwa karakana yake, na siku hizo kilijaa magauni ya harusi ya watu. Fundi alikuwa mkwe mwema. Tena huo wema wake ndio uliokuwa balaa. Bi Madoa akishika ufagio, anasikia, "Acha, mama, nitafagia mimi." Akisogelea vyombo, "Mama, usijisumbue." Siku moja alijaribu kukunja nguo zake mwenyewe alizotoa kambani, na Fundi akazichukua mikononi mwake kwa upole, akazikunja vibaya. Bi Madoa aliziangalia zile kona zisizolingana usiku kucha.

Alichopewa ni kiti cha plastiki, chenye mto, chini ya upenu wa nyuma. Hapo aliketi kama mgeni rasmi kwenye mahafali, na mbele yake palikuwa na kuku.

Tuseme ukweli, kuku alikuwa hawajui. Alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi, ambako mfugo pekee ulikuwa kunguni. Lakini mtu akikalishwa mahali atatazama kilichopo, na baada ya muda akawa anawajua mmoja mmoja. Asubuhi Fundi alifungua banda la mbao na waya, na wa kwanza kutoka alikuwa jogoo, Mheshimiwa, kifua mbele, ingawa paka wa jirani akitokea ukutani huyo huyo ndiye wa kwanza kujificha. Nyuma yake wakafuata matetea, wakisukumana. Fundi alimwaga chenga za mahindi na pumba, akasugua chombo cha maji mpaka utelezi ukatoka, akakwangua mavi chini ya fito za kulalia, akafunga fungu la majani kwenye kamba ili wayarukie wasipate muda wa kudonoana. Pembeni palikuwa na shimo la mchanga na majivu ambamo walijigaragaza kuua utitiri. Hayo yote aliyafanya kabla ya kufungua karakana, na Bi Madoa aliyafuata kwa macho huku mikono yake ikiwa magotini haina la kufanya.

Kuku mmoja alikuwa hana manyoya shingoni. Mara ya kwanza kumwona, Bi Madoa alidhani ni ugonjwa, akashauri apakwe mafuta. Fundi akacheka, na siku hiyo tu ndiyo waliyozungumza kama watu.

"Ni mbegu yake, mama. Wanaitwa vishingo. Hawa walikuwa wa marehemu mama yangu. Uwanja wake wote ulikuwa vishingo watupu. Ugonjwa ukapita mwaka juzi ukawafagia, akabaki huyu."

"Na huyu naye ni mzee."

"Mzee sana. Sasa anaatamia, na nadhani ndiyo mara ya mwisho. Ndiyo maana nayaangalia yale mayai kama mboni ya jicho."

Hapo mteja akabisha hodi mbele na mazungumzo yakakatika. Neno moja lilibaki halijasemwa. Mayai ya kuatamiwa Fundi alikuwa ameyapiga alama ya mkaa, mistari miwili iliyokatizana, kwa kuwa matetea wengine walikuwa na tabia ya kuingia kwenye kiota cha Kishingo, ndivyo alivyomwita yule mzee, na kutagia humo humo. Kila jioni aliingiza mkono, akaacha yenye mkaa, akatoa yasiyo nayo. Mfugaji yeyote anafanya hivyo. Lakini nani anamweleza mgeni mambo ya ndani ya kiota?

Siku ya mkosi, Fundi alitoka kwenda dukani kutafuta bitana na uzi. Alimwekea mkwewe chai na mkate, akamsogezea kiti kivulini, akasema hatakawia. Mlango wa mbele ulipofungwa, Kishingo aliamka kitini pake, yaani kiotani, akatoka kunyoosha miguu kama afanyavyo mara moja kwa siku: kula kidogo, kunywa, kujigaragaza majivuni. Bi Madoa naye akainuka. Alitaka kutazama tu, nawaambia. Aliinama kwenye boksi la kiota, akaona majani makavu yaliyochakaa, kipande cha mavi pembezoni, na mayai yaliyopakwa masizi.

Damu ya kazi ikamchemka. Masizi kwenye yai jeupe! Fundi wa watu, na magauni yake yote yale, hana hata wasaa wa kunawa mikono kabla ya kushika mayai. Na huyu kuku mzee, mwenye hali yake, alale kwenye takataka hii? Bi Madoa hakuona kwamba anaingilia mambo ya mtu. Aliona kazi, ya kwanza tangu afike, na ilikuwa kazi anayoijua.

Akachemsha maji, akayapoza mpaka yakawa vuguvugu. Akachukua kipande cha sabuni ya mche na kitambaa laini. Aliosha yai moja moja kwa ncha za vidole, akilizungusha, akilisuuza, akilikausha, na alama za mkaa zikatoka moja baada ya nyingine bila ubishi. Alitupa yale majani makuukuu. Kwenye kabati lake alikuwa na vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi. Akatandika kimoja ndani ya boksi, kona zake akazikunja na kuzichomeka chini kwa namna ambayo muuguzi mkuu yeyote angepita bila kusimama. Akapanga mayai juu yake. Yaling'aa. Wakati wote huo alikuwa akiimba kwa chini, na hakujua kwamba anaimba.

Kishingo aliporudi alisimama mlangoni pa boksi. Akatazama kwa jicho la kulia. Akageuza kichwa, akatazama kwa la kushoto. Akadonoa kitambaa. Kisha akapiga kelele ambayo Bi Madoa hakuwahi kuisikia kwake, akaanza kuzunguka uwanja, akirudi, akiondoka, akirudi tena. Mheshimiwa akaunga mkono bila kujua hoja ni nini. Bi Madoa alimbembeleza, akamsukuma kidogo kwa kiganja, akadonolewa. Mambo yalikuwa hivyo Fundi alipoingia na mfuko wa bitana kwapani.

"Mama, nani ameosha haya mayai?"

"Mimi," alisema Bi Madoa, na sauti yake ilikuwa na fahari.

Fundi aliinama, akachukua yai, akaligusa shavuni. Lilikuwa baridi. Akachukua jingine. Akafumba macho kidogo, kisha akayafumbua akiwa na tabasamu.

"Haya, mama. Umefanya vizuri. Hamna shida."

Sasa, mwanamke aliyelea mtoto wa kiume peke yake anaijua sauti ya uongo hata ikivaa suti. Bi Madoa aliuliza. Fundi akasema si kitu. Akauliza tena, na mara hii alisimama mbele ya banda hata mtu asingeweza kupita. Ndipo Fundi akamweleza, kwa maneno machache na huku akitoa kile kitambaa na kujaza maranda makavu, habari ya alama, na ya matetea wanaotagia humo. Akaeleza pia kwamba yai lina utando wake wa juu unaolilinda, na likioshwa linabaki uchi, uchafu unaweza kuingia na kukiua kifaranga ndani. Na hakuna ajuaye yamekaa nje muda gani.

"Lakini usijali, mama," alimalizia. "Wewe kaa tu. Nitashughulikia."

Neno hilo, kaa tu, ndilo lililomchoma. Angetukanwa ingekuwa afadhali. Mtu ukimharibia kitu chake cha thamani, kilichobaki cha mama yake, halafu akakutabasamia na kukuonyesha kiti, maana yake wewe kwake si mtu wa kuhesabiwa. Hivyo ndivyo alivyoelewa Bi Madoa, na sitamlaumu. Aliingia chumbani, akavuta begi chini ya kitanda, akaanza kupanga nguo. Rafiki yake wa kazini, mjane mwenzake, alishamwambia mlango uko wazi wakati wowote. Akampigia simu, akamwambia Jumamosi anakuja. "Kuna nini?" aliuliza rafiki. "Hakuna kitu," alisema Bi Madoa, na kwa kweli hilo ndilo lililokuwa tatizo lenyewe.

Jua lilipoanza kuzama Fundi aliingia stoo na mayai kwenye kikapu, tochi ya simu na bomba la karatasi ngumu la kuzungushia uzi. Alitaka kuyamulika. Yai bichi likimulikwa linang'aa lote ndani. Lililoatamiwa lina kivuli na mishipa. Lakini stoo haikuwa na mlango wa kujifunga vizuri, na mikono yake ilikuwa miwili tu. Bi Madoa, aliyekuwa akipita kwenda kunywa maji, aliingia na kuushikilia mlango kwa mgongo.

"Mama, usijisu..."

"Mulika," alisema Bi Madoa.

Fundi akamulika. La kwanza liling'aa manjano tupu, likawekwa kando. La pili lilikuwa na giza upande mmoja na nyuzi nyekundu zikitambaa kutoka humo. La tatu hivyo hivyo. Bi Madoa alisogeza uso. Ndani ya lile giza kitu kilitikisika, kidogo tu, kama mtoto anayejigeuza chini ya shuka.

"Kimecheza," alinong'ona.

"Wapi?"

"Hapo. Tulia, usitikise mkono."

Wakakiona wote wawili. Walimaliza kikapu kizima. Ya kuatamiwa yalirudi kwa Kishingo, ambaye aliyakubali kwa shingo upande. Lakini kama yaliyomo ndani yatafika mwisho, hilo tochi haikuweza kusema.

Walipokuwa wakinawa mikono, Bi Madoa alitoa lake. "Jumamosi nitarudi mjini, mwanangu. Nimeshazungumza na mwenzangu. Nimekuharibia vya kutosha."

"Hapana, mama, wala hujaharibu. Ni bahati mbaya tu."

"Nimeharibu."

"Jamani, mama, mayai tu hayo..." Na hapo sauti ya Fundi ikapasuka. Aliweka taulo chini. "Mayai tu! Nasema nini mimi? Ni ya mama yangu yale. Hakuna mengine duniani. Umeniingilia kiotani hukuuliza, umeosha na sabuni, sabuni mama, kama soksi! Halafu unaniambia unaondoka? Uondoke uniache na nani? Yule kuku ameshapata wasiwasi, mtu akikohoa anasimama, anataka mtu wa kukaa karibu naye kutwa, na mimi nina maharusi wananidai magauni. Umeyaosha wewe, utayaangalia wewe mpaka mwisho. Begi lirudishe ulikolitoa."

Fundi akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Mama, nisamehe. Sijui nimepatwa na nini."

"Usiombe msamaha," alisema Bi Madoa. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, na moyoni alijisikia mwepesi kuliko siku zote alizokaa kwenye nyumba ile. "Mimi ningekuwa wewe ningesema zaidi. Hiyo habari ya soksi nimeipenda."

Fundi alicheka huku akilia. Kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mumewe. Mama yake aliishi hapa kabla hajafa. Aliwahudumia kuku mpaka wiki ya mwisho, kwa kupenda kwake, na alipofariki majirani walisema bintiye alimgeuza kijakazi. Walisema msibani, kwa sauti ya kusikika. Kwa hiyo mama mkwe alipokuja, Fundi aliapa mama huyo hataonekana ameshika hata kijiko.

"Mama yako aliuawa na ugonjwa wake," alisema Bi Madoa. "Ndoo ya pumba haijaua mtu. Mimi nimebeba shuka mbichi ambazo zingewazidi uzito kuku wako wote pamoja na banda. Sasa nakaa kwenye kile kiti kusubiri chakula. Nikila, nasubiri kulala. Siku moja nitakuwa nasubiri kufa, na hapo nako mtaniletea mto."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema. Na hao majirani waambie waje niwaoshe midomo."

Asubuhi yake Fundi hakumwekea kiti. Alimpa kipande cha mkaa na kikapu, akasema, "Weka alama. Na safari hii uziache." Bi Madoa, ambaye maisha yake yote aliondoa madoa ya watu, alishika mkaa na kupaka madoa yake mwenyewe, mistari miwili iliyokatizana, akikunja uso kwa uangalifu mkubwa kuliko uliokuwa ukihitajika. Kisha akaweka mkeka karibu na banda, akanyoosha magoti yake mabovu, akaanza kazi. Alijifunza kumsogezea Kishingo maji mpaka mdomoni. Alijifunza kwamba ukimzungumzia kwa sauti ya chini anatulia, basi akamsimulia habari za hospitali, nani alimpenda nani, daktari gani alikuwa bahili. Tetea mwingine akija kutagia, alimwelekeza kwingine kwa ncha ya kanga. Jioni aliingiza mkono, akaacha yenye mkaa, akatoa yasiyo nayo. Alidonolewa mara nyingi, mpaka siku moja hakudonolewa.

Lakini hofu haikumtoka. Kila alipolala aliuona ule mchezo mdogo ndani ya giza la yai, na alijiuliza kama ni yeye aliyeuzima. Hakumficha Fundi. Alimwambia, "Naogopa," na Fundi akajibu, "Na mimi," wakaendelea kuchambua mchele.

Sauti ilikuja asubuhi moja kabla chai haijachemka, nyembamba, kutoka ndani ya ganda. Bi Madoa alimwita Fundi, naye akaja na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Walichuchumaa bega kwa bega. Yai lilitoboka, likapasuka kwa pumziko refu kati ya ufa na ufa, na kifaranga kikalala nje, kimelowa, kibaya cha sura, kikihema. Kikafuata kingine. Kufikia jioni vilikuwa vinne. Siku mbili walingoja zaidi. Mayai yaliyobaki, na ndiyo yaliyokuwa mengi, hayakusema kitu. Yalikuwa viza.

Bi Madoa aliyatoa mwenyewe. Angeweza kuyafukia kimyakimya nyuma ya banda, lakini aliyapeleka karakana, akayaweka mezani mbele ya cherehani.

"Haya ni yangu," alisema.

Fundi aliyatazama. Mguu wake ulikuwa umesimama juu ya pedali. "Inaniuma, mama," alisema. "Sitakudanganya."

"Najua. Na mimi inaniuma."

"Wangapi wana shingo tupu?"

"Mmoja."

Fundi alitikisa kichwa polepole. "Tetea au jogoo?"

"Nani ajuaye? Bado ni mdogo kama kifundo cha uzi." Bi Madoa alisita. "Lakini ana hasira. Amemdonoa mwenzake jicho."

"Basi ni wa mama yangu huyo," alisema Fundi, akapangusa macho kwa kipande cha bitana, akakanyaga pedali.

Dereva alirudi kutoka safarini katikati ya wiki iliyofuata, amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alipitia mlango wa nyuma. Akamkuta mama yake amepiga magoti bandani, kichwa na mabega viko ndani, anakwangua mavi kwa kipande cha bati, kanga imefungwa kiunoni, ndoo yake ya majivu iko nyuma yake. Kabla hajafungua mdomo, sauti ya mkewe ikatoka dirishani mwa karakana, kavu, ya mtu mwenye pini mdomoni.

"Mama, ukimaliza hapo vifaranga vimemwaga maji tena. Na usisahau majivu."

Uso wa dereva ulibadilika. Aliliita jina la mkewe kwa sauti ambayo mtaa ulisikia. Akauliza ni haya waliyokubaliana, ni huyu mama yake aliyemwacha akae kwa heshima, leo anatumwa kama mtoto wa shule? Fundi alitokea mlangoni, gauni la mtu mkononi. Maneno ya msibani yalimrudia yote, sasa yakitoka kinywani mwa mumewe.

Bi Madoa alitoka bandani kinyumenyume, taratibu, mkono mmoja kwenye mlango wa waya. Alisimama. Alikuwa na unyoya kwenye nywele na tope kwenye magoti. Alimtazama mkwewe pale mlangoni, kisha akamtazama mwanawe, yule aliyemlea kwa shuka za watu, akaona jinsi kijana huyo alivyokuwa amemkinga mama yake kwa mapenzi mpaka karibu amfukie.

"Ndiyo, ananituma," alisema. "Na wewe umesimama mbele ya ndoo yangu."